Nani ana ngumi nzito kuliko wote? Kwa mnaoanza ngumi hapa Mwanza

Mazoezi yakiisha jioni, kabla hata jasho halijakauka, ubishi ni uleule: nani anapiga kuliko wote? Mmoja atasema Mike Tyson, mwingine Deontay Wilder, wa tatu atamtaja Naoya Inoue, yule Mjapani, na watu watapandishiana sauti huku bandeji bado ziko mikononi. Mimi ni mshika pedi, yaani mito ya mkononi ambayo bondia anaipiga mazoezini, na siwazuii. Bisheni, ila mjue mnachobishania, kwa sababu ubishi huu ukiendeshwa vizuri unamfundisha bondia mchanga mambo ambayo begi la kupigia halimwambii.

Anzeni kwa kutaja kilo. Bila kilo hakuna mjadala, kuna kelele tu. Kwa nguvu tupu wazito wanashinda na hatuna haja ya kumaliza mate hapo. Mwaka 1985 huko Uingereza walimpima Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu: ngumi yake ilisafiri karibu mita 9 kwa sekunde na kugonga kwa nguvu ya newton zaidi ya 4,000, sawa na kulaliwa na mzigo wa kilo 400 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Vipimo vilivyofanyiwa baadaye mabondia wa Olimpiki vilionyesha kwamba kinachompa mzito ngumi kubwa zaidi ni uzito unaoingia nyuma ya konde, wala si kasi ya mkono. Halafu kumbukeni kwamba mtu wa kilo 100 hana kichwa mara mbili ya mtu wa kilo 50. Ndiyo maana kule juu konde moja linaweza kufunga kazi hata raundi ya mwisho. Desemba 2018 Deontay Wilder alikuwa na kilo 96 hivi, Tyson Fury kilo 116, na bado Wilder alimlaza chali raundi ya 12. Fury aliamka, ni kweli, na pambano likaisha sare, lakini watu wengi tulishazima redio zetu akilini.

Basi swali lenye nyama si hilo. Ulizeni hivi: nani alipanda uzito na ngumi zake zikapanda naye?

Hapo ndipo majina yanaanza kupukutika. Manny Pacquiao alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 50.8 mwaka 1998. Mei 2009 akamzimisha Ricky Hatton raundi ya pili kwenye kilo 63.5, na Novemba mwaka huohuo akamsimamisha Miguel Cotto raundi ya 12, yaani refa alikatiza pambano. Watu wakasema huyu hana mpaka. Lakini baada ya Cotto hakumaliza mtu yeyote kabla ya muda hadi Julai 2018, alipomsimamisha Lucas Matthysse. Karibu miaka tisa! Alikuwa anashinda, sawa, ila kwa pointi, miguu na wingi wa makonde. Ngumi iliyolaza watu wa kilo 60 iliwakuta wanaume wakubwa zaidi wakaihimili. Sasa mtazameni Inoue. Alichukua ubingwa wa kwanza mwaka 2014 akiwa kilo 49 tu. Amefika kilo 55.3 na bado watu wanakaa chini: Stephen Fulton raundi ya 8 mwaka 2023, Luis Nery raundi ya 6 mwaka 2024, tena baada ya Inoue mwenyewe kuangushwa raundi ya kwanza. Ukilinganisha kilo kwa kilo, mimi kura yangu naiweka kwake, na anayetaka kunipinga alete jina lililopanda ngazi nyingi kama hizo bila ngumi kupungua.

Msidanganyike na asilimia ya KO, yaani mapambano ambayo bondia alimaliza mpinzani kabla ya muda. Hapa ng'ambo ya ziwa tu, Uganda, alitoka John Mugabi, waliyemwita "The Beast". Katika ngumi za kulipwa, kila aliyepigana naye kabla ya 1986 hakumaliza pambano. Machi mwaka huo akapanda uzito wa kati kukutana na Marvin Hagler kule Las Vegas. Alimpiga Hagler makonde ambayo yangemmaliza mtu mwingine, Hagler akabaki wima, na raundi ya 11 aliyelala akawa Mugabi. Rekodi safi ya KO inakueleza pia ulipigana na nani. Mganda mwingine, Ayub Kalule, hakuwa na sifa hiyo ya kuua, na bado mwaka 1979 alichukua ubingwa wa dunia wa kilo 70 kwa pointi. Vijana wanaotoka Kampala kuja huku wanawajua wote wawili, waulizeni.

Mashine za kupima ngumi nazo. Francis Ngannou, aliyetokea kwenye mapigano ya ngumi na mateke, alipiga kipimo kikaandika 129,161, namba ikazunguka dunia nzima. Namba hiyo haina maana nje ya mashine ileile, na mashine haikwepi. Oktoba 2023 alimwangusha Fury kweli, heshima yake. Machi 2024 Anthony Joshua akamzima raundi ya pili.

Turudi kwenye klabu, maana huku ndiko mtakakolia. Wengi mnakuja kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mabega yamejengwa na magunia ya dagaa, na mnaamini kwamba anayebeba gunia peke yake lazima awe na ngumi. Nikikushikia pedi najua konde la kwanza tu. Mwenye nguvu za kubeba anasukuma, kama anayeshusha mtumbwi majini: pedi inarudi nyuma, bega langu linarudi nyuma, lakini kiganja hakiumi. Kuna kijana mwembamba wa kilo 54 ambaye pedi hairudi hata kidogo, ila kiganja kinawaka mpaka kwenye kifundo. Kisigino cha nyuma kimenyanyuka, nyonga imegeuka, ngumi imekazwa dakika ya mwisho kabisa kabla ya kugusa, kisha mkono umerudi nyumbani kwenye taya. Tazameni hata begi letu lile lililojazwa vitambaa na nyavu chakavu. Ukilisukuma linabembea hadi ukutani na wenzako wanakushangilia bure. Ukilipiga vizuri linakunjika katikati na kutetemeka palepale. Na msiamini mlio: pedi mpya inalia "paa!" hata kwa mtoto wa shule.

Tena angalieni glavu kabla ya kulinganisha mabondia wa televisheni. Mapambano mengi ya kulipwa, hadi kilo 66.7 wanavaa za wakia 8, juu ya hapo wakia 10. Na wanapima uzito siku moja kabla, kwa hiyo yule "wa kilo 61" usiku wa pambano anaweza kupanda ulingoni akiwa mzito zaidi ya hapo.

Wa kwetu mnawasahau, na hilo linaniudhi. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham akiwa mgeni aliyeitwa kujazia orodha ya mapambano, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mbele ya mashabiki wa Eggington mwenyewe. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 katika uzito wa bantam, kilo 54, uzito ambao nyie mnauita wa watoto.

Najua ubishi utakapoishia: mmoja atasema "njoo tuvae glavu tuone." Mwenye kilo 75 hatapimana ngumi na mwenye kilo 54 hapa, hata wakikubaliana wenyewe na hata wakiwa ndugu. Mkitaka kupima, vaeni glavu za wakia 16 na kofia ya kukinga kichwa, mtu na wa uzito wake, mwalimu akiwa kando ya kamba. Mimi nisipokuwepo, pedi zipo kwenye ndoo nyuma ya mlango.