Maswali na Majibu: Sailensa ya Bastola, Ndefu au Fupi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sailensa za bastola (kile chombo kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio), hasa zile za vipande, unazoweza kuzifupisha au kuzirefusha utakavyo. Waliouliza "ipi bora?" bila kutaja bastola, kaliba (unene wa risasi) wala nyuzi za mtutu (mikato ya kuskrubia sailensa), msisubiri jibu. Hakuna mganga anayetoa dawa kwa kusikia kikohozi tu.

Nimelinganisha desibeli za sailensa tano za 9mm na zinapishana kidogo mno. Ipi iliyo kimya zaidi?

Umeona mwenyewe kwamba zinapishana kidogo, kisha unauliza tena. Namba iliyo kwenye boksi ilipimwa kwa bastola yao, risasi yao na hali ya hewa yao, na kipimasauti kiliwekwa pale walipotaka kiwe. Ukikisogeza kutoka mdomo wa mtutu hadi sikioni kwa mpigaji, unapata namba nyingine. Wengine hawaihesabu hata risasi ya kwanza, ambayo huwa na kelele zaidi kwa sababu oksijeni iliyojaa ndani ya sailensa huwaka pamoja na gesi.

Unachotakiwa kujua ni kwamba mlio wa 9mm ni kama desibeli 160, na sailensa nzuri hupunguza kati ya 20 na 35. Kwa mlio wa ghafla, hatari kwa sikio huanza kuhesabiwa desibeli 140. Kwa hiyo sailensa inakuvusha mstari, lakini haikupi ule mnong'ono wa sinema. Mimi bado navaa vifunika masikio, na anayekuja kupiga nami asipovaa namrudisha kwenye gari.

Na kabla hujalaumu sailensa, angalia risasi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20. Risasi ya 9mm ya greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa kawaida huipita kasi hiyo, na ikishaipita inapasua hewa njia nzima hata ungefunga sailensa ndefu kama mkono. Ya greni 147 kwa kawaida hubaki chini. Ya .45 ya greni 230 huwa chini tangu ilipobuniwa, haihitaji hila yoyote. Mtu anatoa pesa nyingi kwa sailensa, halafu anaipigia risasi za bei rahisi zenye kasi na kulalamika kwamba imemhadaa.

Hii ya vipande ina faida gani hasa, au ni biashara tu?

Yote mawili. Sehemu ya nyuma yenye namba ya usajili inabaki vilevile, ya mbele unaifungua, unarudisha kifuniko, na sasa una sailensa fupi. Rugged Obsidian 45 na Dead Air Ghost 45M zimejengwa hivyo. Ikiwa fupi inakaa vizuri kwenye bastola: haivuti mkono chini, na bastola haipigani na uzito mwingi. Ikiwa ndefu inafaa bunduki fupi ya bega inayotumia risasi za bastola, ambako hakuna anayelalamikia gramu chache.

Lakini nawajua wenye sailensa hizi, nami ni mmoja wao. Wiki ya kwanza unafungua na kufunga kama mtoto na kichezeo. Baada ya hapo inabaki upande mmoja, kwangu ule mfupi, na kile kipande cha mbele kinalala kwenye droo na betri zilizokufa. Kama una bastola moja tu na huna mpango wa kununua bunduki ya bega, nunua sailensa fupi isiyofunguka, kama Omega 9K, uachane na droo. Kila unganisho ni mahali pengine pa kulegea.

Na kulegea si hadithi. Nilishawahi kupiga magazini mbili bila kukagua. Ya tatu nikasikia mlio umebadilika, nikafungua nikakuta tundu la kifuniko cha mbele limekuwa na umbo la yai. Risasi ilikuwa imekwangua ukingo. Tangu siku hiyo, kila magazini inapoisha natoa risasi zote, naacha slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) wazi, nagusa sailensa kwa kitambaa (ina moto!) na kuizungusha upande wa kukaza. Sekunde tatu tu.

Bastola yangu inapiga risasi moja kisha inakwama, ganda halitoki. Fundi aliniuzia sailensa mpya, bado vilevile.

Fundi huyo alikuuzia dawa ya mguu unaumwa jino. Bastola nyingi za 9mm, Glock 19 mojawapo, zina mtutu unaorudi nyuma kidogo pamoja na slaidi, kisha unainama ili kufunguka. Ukining'iniza uzito mbele ya mtutu huo, hauinami kwa wakati, na bastola ya magazini inageuka ya risasi moja.

Dawa ni busta: pistoni na springi vinavyokaa sehemu ya nyuma ya sailensa. Ukifyatua, springi inauachia mtutu urudi nyuma kana kwamba sailensa haipo, wakati sailensa yenyewe inasita pale ilipo kwa kitambo kidogo. Fungua nyuma utazame. Nina hakika kubwa utakuta pete ngumu mahali pa springi. Pete hiyo ni ya bunduki zenye mtutu usiosogea. Huko ndiyo sahihi, kwa sababu ukiweka springi kwenye mtutu usiosogea sailensa itagonga mbele na nyuma kila risasi hadi ijiharibu. Kama springi imo, ipake grisi kidogo. Pistoni kavu yenye masizi hukwama kama droo iliyovimba.

Ndiyo maana husema: kabla ya kuuliza bei ya sailensa, uliza bei ya pistoni na pete zake. Bastola tatu zenye nyuzi tofauti ni pistoni tatu.

Sailensa yangu ya .22 imeingia vizuri kwenye mtutu wa 9mm. Naweza kuitumia?

Hapana! Imeingia kwa sababu nyuzi za 1/2x28 zimewekwa kwenye .22, kwenye 9mm na hata kwenye bunduki za 5.56. Nyuzi hazijui kaliba. Kinachopita ni risasi, na yako haitapita.

Ninunue ya .45 nitumie na 9mm pia?

Inafaa. Tundu ni kubwa zaidi kwa hiyo gesi inatoka mapema na utasikia kelele kidogo ya ziada, ingawa baadhi zina kifuniko cha mbele cha 9mm kinachosaidia. Kinyume chake, ya 9mm kwa .45, soma jibu lililotangulia.

Naisafisha vipi? Nimeambiwa siki na haidrojeni peroksaidi hutoa kila kitu.

Hutoa kila kitu, pamoja na afya yako. Kiswahili kimetupa neno moja, risasi, kwa kinachotoka mtutuni na kwa madini yake, na madini hayo ndiyo yamegandamana mle ndani. Siki na peroksaidi huyayeyusha yakawa chumvi ya risasi, sumu inayopenya kwenye ngozi, na hakuna sinki la nyumbani ambalo unaruhusiwa kuimwagia. Kama visahani vyako vya ndani, vile vinavyozuia gesi, ni vya alumini, navyo vitaliwa. Fungua sailensa, kwangua kwa brashi ikiwa na unyevu wa mafuta, vaa glavu, na usifanyie kazi hiyo mezani pa kulia chakula. Unayepiga 9mm ambayo risasi yake imevikwa shaba huna haja ya kuifungua kila mara, anayepiga .22 ndiye mwenye kazi.

Nataka kipande cha ziada niirefushe zaidi. Kuna seti ya "kusafishia bunduki" mtandaoni yenye visahani vinavyofanana kabisa.

Usiguse. Kwa sheria ya Marekani, sehemu iliyokusudiwa tu kuunda sailensa ni sailensa yenyewe. Kisahani kimoja cha akiba kwenye droo yako kinahesabiwa kama kifaa kizima kisichosajiliwa, na adhabu inafika miaka 10 jela. Kipande kilichokuja na sailensa yako ukakiondoa, hakuna neno. Kilichoharibika hurudishwa kwa mtengenezaji mwenye leseni. Ile seti unayoiona inauzwa kwa jina la usafi. ATF, wakala wa Marekani wa kudhibiti silaha, hawasomi jina.

Nasikia sasa ni bure, hakuna tena fomu.

Nusu ya habari. Kodi ya dola 200 iliyowekwa na NFA, sheria ya silaha ya Marekani, mwaka 1934 imekuwa sifuri kwa sailensa kuanzia Januari 1, 2026. Usajili, alama za vidole, picha na kusubiri kibali vipo palepale. Na kwenye majimbo ya California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island raia wa kawaida haruhusiwi kabisa, kodi iwepo au isiwepo.

Shemeji anataka kuazima sailensa yangu wikiendi moja tu. Ni mtu mwaminifu.

Nendeni naye uwanjani apige ukiwa umesimama hapo. Akiondoka nayo peke yake, umeihamisha bila kibali, na uaminifu wake hauna sehemu ya kujazwa kwenye fomu.