Ratiba ya rangi sita hufa Alhamisi

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, tunawaona hapo kwenye vimbweta na kalamu zenu za rangi. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, bado wiki tatu, na ratiba ya kusoma imeshachorwa: saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku, kila kozi na rangi yake, imepigwa picha na kuwekwa kwenye kioo cha simu. Inapendeza kweli. Haifiki Ijumaa.

1. Inavyokufa. Jumatatu mambo safi. Jumanne kipindi cha jioni kinachelewa kwisha, Ubungo foleni, unafika Mbezi saa 3 usiku miguu imevimba. Raundi mbili za kusoma zimeruka, unazisogeza Jumatano. Jumatano ilikuwa na nne, sasa ina sita. Unamaliza tatu, umeme unakatika. Alhamisi inaamka na saba. Hapo hasomi mtu. Unashika simu "dakika tano tu", na jioni unaketi kuchora ratiba mpya, yenye rangi nzuri kuliko ya kwanza, maana kuchora ratiba kunaleta raha ileile ya kusoma bila jasho lake.

Msijiite wavivu, tatizo ni kuijaza siku mpaka pomoni kana kwamba mnaishi mji usio na foleni, msiba wala send-off ya binamu. Kila mtu hukadiria vibaya muda wa kazi yake mwenyewe. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa 33.9, kazi ikachukua 55.5. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yakienda ovyo kabisa, walisema 48.6, na bado wakapitiliza. Gawanya 55.5 kwa 33.9 unapata kama 1.6. Ishikeni namba hiyo.

2. Hesabu yenyewe. Siku 21, toa Jumapili tatu, zabaki 18. Vipindi bado vinaendelea, kwa hiyo raundi nne za dakika 50 kwa siku zinatosha: 72. Gawanya kwa 1.6, unabaki na 45. Hizo ndizo za kupangia kozi. Nyingine 27 ziache wazi, moja au mbili kila siku, za kufidia zilizoruka. Usizirundike zote Jumamosi. Jumamosi za Dar zina wenyewe, na kadi ya mchango umeshapewa.

Halafu jamani, acheni kugawa tisa tisa kwa kozi tano. Kozi ya mahesabu ambayo testi na asaimenti zimekupa 17 kati ya 40 ipe raundi 14. Ile uliyo na 33 ipe tano, hata kama ndiyo unayoipenda. Hasa kama ndiyo unayoipenda, maana hiyo utaifungua tu bila kuambiwa. Zinazobaki zigawie 11, 8 na 7.

3. Kwenye kisanduku andika swali. "Takwimu, saa 2 hadi 4" hakisemi ufanye nini, ndiyo maana mkono unakwenda wenyewe kwenye desa, yaani notsi za kozi, na kalamu ya njano. Andika: "Takwimu, pasti pepa ya 2022, swali la 3, desa limefungwa." Dakika 10 za mwanzo andika kwenye karatasi tupu unachokumbuka cha raundi iliyopita. Dakika 30 piga swali. Dakika 10 fungua desa usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ulichokosa kiingie daftari la makosa na tarehe ya kukirudia, siku tatu mbele.

Mtasema kurudia desa mara nne kunaingiza. Kunaingiza, kwa usiku huo. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi matini: kundi moja lisome mara mbili, jingine lisome mara moja kisha lijaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, 81% kwa 75%. Baada ya wiki moja walikuwa na 42%, wenzao 56%. Na UE haifanyiki dakika tano baada ya kufunga desa.

4. Pasti pepa za miaka mitano: chora jedwali, mada chini, miaka juu, tia alama. Mwalimu akiwa amebadilika, yaamini zaidi maswali ya testi zake kuliko jedwali. Pepa moja ya kila kozi usiiguse. Ifanye wiki ya mwisho, muda kamili, saa ileile ya mtihani. Kama ni saa 8 mchana, kaa saa 8 mchana na joto lake.

5. Diskasheni: wanne wanatosha, na asiyejaribu swali asije.

6. Rasimu ya ratiba ya UE ikitoka, angalia kozi zako zisigongane, zikigongana nenda idarani siku hiyohiyo. Ya mwisho ikibandikwa, panga kutoka nyuma kuja mbele. Pepa mbili zikifuatana Jumatatu na Jumanne, raundi za ile ya Jumanne ziishe kwanza, kabla ya kugusa za mwisho za Jumatatu. Jumatatu jioni utabaki na nguvu ya daftari la makosa tu.