Usimpake bata mafuta ya kupikia
Je, bata anayelowa hadi ngozini apakwe mafuta ya kupikia ili maji yasimwingie? Hapana, mafuta hayo hayamsaidii, kwa sababu huyagandisha manyoya na kuachanisha vishikizo vidogo vinavyoyaunganisha, ilhali mshikamano huo, pamoja na mafuta yake mwenyewe, ndio unaozuia maji. Tezi inayotoa mafuta hayo ya bata mwenyewe iko juu ya mkia, pale unapoanzia. Ukiyapembua manyoya utaona kichomozo chenye kishungi cha vinyoya, ambacho kwa bata mwenye afya huacha utelezi kidogo kidoleni. Kikiwa kikavu au kimeziba, kikande kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, mara 2 kwa siku, bila kukiminya.

Manyoya yenye uchafu yaoshwe kwa sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo na yasuuzwe hadi povu liishe kabisa (hapa ndipo wengi hukosea), kisha bata akaushwe na kukaa penye joto. Mpe pia maji safi yenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, kwani beseni la tope ndilo chanzo cha mara kwa mara cha tatizo hili. Manyoya yaliyokwisha kuchakaa yatasubiri hadi anyonyoke na kuota mapya.

Ukiona uvimbe mgumu, usaha au damu kwenye tezi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kifaranga aliyeanguliwa kwa mashine ni suala jingine: yeye hulowa kwa sababu hakupata mafuta ya mama, si kwa ugonjwa.