Nilipanda jatropha kwetu Magarini, ndo maana siamini mafuta ya mimea kwa jina tu

Ndugu umeuliza kama serikali ikilazimisha mafuta ya mimea yachanganywe kwenye dizeli hewa chafu itapungua. Inategemea hiyo sheria inapima nini. Nasema hivi kwa sababu nilipanda mbono kaburi, hiyo jatropha ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta ya dizeli, kwa shamba la mjomba wangu marehemu huko Marafa.

Miaka ya 2008, 2009 hivi, jatropha ilivuma huku Malindi kama dhahabu. Alikuja dalali na gunia la mbegu, ati haitaki mvua, haitaki mbolea, we panda tu na mimi nitarudi ninunue kila kilo. Tukang'oa muhogo, wallahi, muhogo uliokuwa unatulisha. Mwaka wa tatu nikakaa na mamangu chini ya mwembe tunabangua yale matunda makavu, gumba linauma, kutwa nzima na debe halijajaa, na hayo ndo mavuno ya shamba karibu lote. Na kukamua lita moja ya mafuta wataka kama kilo 4 za mbegu! Dalali hatukumuona tena. Kumbe 2009 hiyo hiyo KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, na wenzao walikuwa washapima mashamba ya Kenya wakasema mkulima mdogo asiipande ila iwe ua. Wazee wetu ndivyo walivyoitumia siku zote, ua na makaburini.

Sasa vuguvugu lile lilitoka wapi? Umoja wa Ulaya 2009 walipitisha sheria kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe ya vyanzo visivyoisha, na njia ya haraka ikaonekana ni mafuta ya mimea, basi watu wakaanza kusaka ardhi Afrika. Hapa kwetu walitaka maelfu ya hekta msitu wa Dakatcha, ule wa miti ya mirihi, wenye aina ya ndege, kwera, ambaye hapatikani popote duniani ila kaunti hii ya Kilifi. Wenyeji walipinga sana na mashirika ya mazingira yakasimama nao. 2011 ikatoka hesabu kwamba jatropha ya Dakatcha ingetoa gesi joto, zile zinazopasha dunia joto, mara 2.5 mpaka 6 kuliko mafuta ya kawaida, manake ukikata msitu ukachoma, kaboni iliyokaa kwenye miti na udongo nyingi yapanda juu kabla hujakamua hata tone. Na kwa karatasi ingeandikwa mafuta safi. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo.

California walienda njia nyingine na mimi naikubali zaidi. Hawaangalii mafuta yaitwaje, wanahesabu gramu za gesi joto kwa kila megajuli ya nishati, kuanzia shambani au kisimani mpaka kwenye ekzosi, na wanaongeza hata msitu unaokatwa kwingine kwa sababu mahindi ya kwao yameingia kwenye tangi na chakula kikabidi kilimwe huko. Kikomo kinashuka mwaka baada ya mwaka, anayekivuka anunua krediti, yaani ile ziada ya kupunguza gesi, kwa aliye chini, na umeme wa magari nao wapata krediti. Hiyo hesabu ya msitu wa mbali ina ubishi mwingi, ni makadirio, lakini afadhali makadirio kuliko kuandika sifuri. Ulaya wenyewe 2015 waliweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta ya mazao ya chakula.

Kwa sisi mimi ningeanza na bodaboda za umeme. Lita moja ya petroli ikiungua yatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, na umeme wetu mwingi ni jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo ukipima mwanzo mpaka mwisho faida ipo kweli. Mafuta ya mimea yakija, sheria imuulize muuzaji kwanza, hapo ulipolima palikuwa na nini?

Shamba la mjomba tumerudisha muhogo. Jatropha tumebakisha mstari mmoja pembeni, mbuzi hawaili.