Jibu: iPhone mpya imeadimika, nimpe winga kishika uchumba?

Ndugu yangu, nimekuelewa: simu imetoka juzi, maduka ya Kariakoo yanasema imeisha, na winga (dalali) wa mtaa wa Aggrey anataka utangulize laki tano kwa ahadi kwamba "mzigo unatua Ijumaa". Usitume.

Wiki za mwanzo, nyingi zinazofika Dar ni za watu walionunua rejareja Dubai au Marekani wakaja nazo kwenye begi. Ndiyo maana bei inapaa, na mzigo ukishajaa sokoni hushuka yenyewe. Mimi ningesubiri.

Kama huwezi (najua, wapo ambao lazima wawe wa kwanza), lipa simu ikiwa mkononi. Fungua boksi mwenyewe, piga *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya kwenye skrini na ya kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), uone inasomeka simu gani. Iwashe, umalize hatua zote za kuianzisha. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, mrudishie palepale, hata akikwambia "fundi anaitoa". Uliza pia imetoka nchi gani. Za Marekani, tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la laini, ni eSIM tu (laini iliyo ndani ya simu, bila kadi), kwa hiyo ulizia kwanza kwenye mtandao wako.

Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ni lazima, yenye jina la duka.

Na kama hela imeshaenda, piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kutuma sasa hivi wajaribu kuizuia, halafu nenda polisi na meseji za muamala. Usizifute.