Anaimba silabi zote lakini neno hasomi: nilivyomsaidia binti yangu nyumbani

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa Darasa la Kwanza, kwamba anaimba ba be bi bo bu bila kukwama lakini ukimwandikia "baba" anakukodolea macho, naomba nikujibu kwa kirefu. Hayo yalinikuta mwaka juzi kwa binti yangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, elimu yangu darasa la saba. Binti akirudi shule alikuwa anakaa pembeni ya cherehani na kunisomea silabi zote, toka juu mpaka chini, na mimi nikajua mtoto kashaelewa. Siku moja nikachukua kipande cheusi kilichobaki kwenye sketi za shule, nikaandika kwa chaki ya kukatia nguo: "bu". Hiyo tu. Akanyamaza. Kisha nikaona midomo inacheza, na vidole anavikunja kimoja kimoja mapajani: ba, be, bi, bo... Alipofika kidole cha tano ndipo akasema kwa sauti, "Bu!" Mwanangu alikuwa anafuata wimbo, herufi zenyewe hazioni. Nililala na mawazo usiku ule.

Mwalimu wake simlaumu. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 90. Tangu 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili unatilia mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti za herufi zimo, lakini kumsikiliza kila mtoto peke yake muda autoe wapi? Pale ndipo mzazi anapotakiwa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa namfundisha majina ya herufi kama tulivyofundishwa sisi: a, be, che, de. Sasa ukimwambia mtoto "be" na "a", atakujibu "bea", na kwa jinsi ulivyomtajia yuko sahihi kabisa. Mpe sauti. Anza na zile zinazovutika, mmmm, ssss, llll, ffff, kwa sababu unaweza kuivuta sauti mpaka ikutane na irabu: mmmmaaa, ma. Sauti za b, t, k hazivutiki, zinakatika mdomoni, kwa hiyo tuliziacha kwanza. Na kama nyumbani kuna kaka au dada anayesoma shule ya Kiingereza, mwombeni asimfundishe a kuwa "ei" na i kuwa "ai" kabla mdogo hajasimama kwenye Kiswahili. Wangu alikuwa anachanganya kwa sababu hiyo hiyo.

Pia tulifanya kazi ya masikio bila kuandika chochote. Tukienda dukani namwambia, nitajie kitu kinachoanza na mmm: maji, moto, muhogo. Tunapiga makofi kwa kila silabi, ma-ha-ra-gwe, manne. Halafu namuuliza, ukitoa "ki" kwenye "kitabu" kinabaki nini? Alipojibu "tabu" alisimama njiani ananiangalia, neno limezaa neno.

Lakini kilichomfungua hasa ni vile vipande vya kitambaa. Baada ya wiki kama mbili za sauti zinazovutika, tuliongeza k na t, nikaandika silabi chache tu, kila moja na kipande chake: ka, ta, ma, ku, la. Hapo una kata, kama, kula, kuta, na ukiongeza kipande cha pili cha silabi ile ile, kaka, kuku, lala. Usizipange kwa mfuatano wa wimbo, zichanganye. Nikamwekea ka na ta, akasoma "kata". Nikavibadilisha nafasi mbele ya macho yake. Akavigusa kwa kidole, kimya, kisha taratibu: "ta... ka. Taka. Mama, ni taka!" Akavirudisha mwenyewe, kata. Taka. Kata. Alifanya hivyo labda mara kumi, na chakula kikapoa. Ile ndiyo jioni aliyoanza kusoma.

Mambo ya mb, nd, ng, ch, sh usiyakimbilie mpaka hizi nyepesi zimekaa. Ukifika huko, makofi yatakusaidia tena. Wangu alikuwa anasoma "mutoto", maana amezoea kila konsonanti ina irabu yake. Piga makofi: m-to-to, matatu, m imesimama peke yake. "Mbuzi" ni mawili, mbu-zi, ila "mbu" yule anayeuma nayo ni mawili, m-bu. Masikio ya mtoto yanalijua hilo tangu anajifunza kusema, wewe unamkumbusha tu. Ngoma na ng'ombe tuliziweka pamoja ili aone ile alama juu inafanya kazi gani.

Kitabu kikiwa na picha, ifunike kwa kiganja mpaka amalize neno, vinginevyo atasoma picha.

Muda wetu ulikuwa dakika kumi, kabla ya chakula, kila siku. Akikwama, nahesabu moyoni mpaka tano kabla sijamsaidia, na nikimsaidia natoa sauti ya mwanzo tu. Hili naliandika kwa uchungu: kuna siku nilimfokea, nikamwambia mbona wenzako wanajua. Siku nne hakutaka kugusa vile vitambaa. Nilimwomba msamaha, mtoto wa miaka saba, ndipo tukaendelea. Usimpige, dada, wala usimlinganishe na mtu.

Na wewe mwingine uliyeandika hapo juu kwamba hujui kusoma vizuri hivyo huwezi kusaidia, si kweli. Mama yangu hajui hata herufi moja, lakini alikuwa msikilizaji bora kuliko mimi. Mjukuu akisoma kitu kisichoeleweka, bibi anauliza, "Ndiyo nini hicho, mjukuu wangu?" Mtoto anarudia mpaka neno lipate maana, kwa sababu bibi hawezi kumtajia jibu.

Tulianza mwezi wa tano. Mwezi wa tisa alishika pakiti jikoni, akasema "chu", akakaa kimya muda, kisha "mvi", akaiunganisha: chumvi. Hakuna aliyemuuliza.

Kama utaona miezi inapita na sauti zinazokaribiana hazitofautishi, au anasogeza daftari karibu sana na uso, mpeleke hospitali wampime masikio na macho. Ila kwanza, leo jioni mwandikie ka na ta kwenye vipande viwili, vigeuze mbele yake, halafu rudi hapa utuambie amesemaje.