Re: Gimbi la mapambo majani madogo na kingo zinakauka

Mkuu, umeuliza kwa nini gimbi lako linatoa majani madogo na kingo zinakauka, na jua gani linalifaa. Hapo shida kubwa ni maji na chakula, wala sio ugonjwa. Gimbi la mapambo linakunywa sana, yale majani mapana yanapoteza maji mchana kutwa, kwa hiyo udongo ukikauka hata kidogo tu kingo zinaanza kuwa kahawia na jani jipya linatoka dogo kuliko lililopita. Chimba shimo pana, changanya samadi iliyooza vizuri, weka matandazo halafu mwagilia mpaka udongo ubaki na unyevu muda wote.

Ila kwanza angalia mmea wenyewe. Kama jani linaning'inia na kikonyo (kile kijiti kinachobeba jani) kimeshika kwa ndani, mbali kidogo na lile pengo la juu ya jani, hiyo ni kolokasia, jamii ya gimbi la kawaida, na hata kwenye tope inakaa. Kama majani yanaelekea juu inawezekana ni alokasia, mmea mwingine unaofanana nayo, hiyo usiituamishie maji, mizizi itaoza.

Kuhusu jua ulilouliza, la asubuhi linatosha, ila zile aina zenye majani meusi zikikaa kivulini zinarudi kijani. Na ukikata vaa glavu, utomvu wake unawasha vibaya sana, watoto wasiguse kabisa.